Adrien Niyonshuti: Kijana wa Rwamagana aliyebeba bendera mara mbili

Na Mwandishi Wetu, Kigali

JUMAPILI ya Septemba 28, 2025, nilikuwa miongoni mwa maelfu ya watu waliojipanga kwenye kilima cha Kimihurura, pale barabara ya mawe inapopanda kuelekea Kigali Convention Centre. Shule za Kigali zilikuwa zimefungwa wiki nzima kupisha mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, kwa hiyo mwalimu kama mimi hakuwa na kisingizio cha kubaki nyumbani. Siku moja kabla, Magdeleine Vallieres, binti wa Kanada ambaye wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulisikia jina lake, aliwaacha wenye majina makubwa na kuondoka na jezi ya upinde wa mvua. Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya wanaume, na Tadej Pogačar wa Slovenia alikuwa anakwenda mbele peke yake, kama mtu anayewahi basi la mwisho pale Nyabugogo.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa maharage na vitenge kwenye mpaka wa Rubavu na Goma, aliyekuja Kigali kumtembelea binti yake. Tulikwisha kufahamiana, maana kusimama saa nne kwenye jua na mtu usimfahamu ni kazi. Kila kundi lilipopita alikuwa akihesabu kwa kidole, halafu akanigeukia.

“Mwalimu, na wa kwetu wako wapi?”

Nikamwambia wako nyuma.

“Nyuma sana?”

“Sana, mama.”

Akatikisa kichwa. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu: “Kwani hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko, akakimbia na hawa watu kwao?”

Yupo. Wapo zaidi ya mmoja siku hizi, lakini aliyefungua mlango ni mmoja, na nilishangaa kwamba mama yule, ambaye anajua bei ya gunia la maharage katika masoko matano, hakuwa amelisikia jina lake. Anaitwa Adrien Niyonshuti.

Alizaliwa Januari 2, 1987, Rwamagana, mji mdogo ulio kiasi cha saa moja kwa basi mashariki ya Kigali. Alikuwa na umri wa miaka saba yalipotokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Aliokoka yeye na wazazi wake. Ndugu zake sita waliuawa, pamoja na jamaa wengine wengi wa ukoo.

Hapa inabidi niseme jambo kuhusu mimi mwenyewe, kwa sababu wengi wanaosoma ukurasa huu ni watu tuliorudi. Mimi nimesoma Karagwe, Tanzania. Tuliporudi mwaka ule wa 1994, nikiwa kijana wa kuanza sekondari, tulipita katika mashariki hiyo hiyo na ng’ombe wetu na magodoro yetu, tukiimba. Watoto wa rika la Adrien walikuwa wamekaa kando ya barabara wakitutazama. Sisi tulikuwa tunafika, wao walikuwa wamebaki, na kwa miaka mingi shuleni tulikaa dawati moja bila kujua tuzungumze nini. Waandishi wa nje waliokuja baadaye hupenda kueleza kila kilima alichopanda Adrien kwa habari za 1994, kana kwamba huzuni ni mafuta ya kujaza kwenye tangi. Mimi sijui kama ndivyo, na sidhani kama ni haki yangu kusema. Ninachojua ni kilichotokea kwenye baiskeli.

Baiskeli ya chuma

Kwa Rwanda, kwa Kagera, kwa Kivu, baiskeli ni gari la mizigo. Baba yangu alikuwa na Phoenix ya Kichina iliyobeba kahawa, ndizi na, siku za Jumapili, mama yangu. Wasomaji wa mipakani hawahitaji kukumbushwa kwamba hata neno boda boda lilianzia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako vijana waliwavusha wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha upande huu hadi upande ule, kabla pikipiki hazijalichukua jina hilo. Hapa Rwanda baiskeli nzito ya giya moja, yenye matairi manene na keria nyuma, huitwa matabaro. Mnyonzi hupakia abiria juu yake, mkulima hupakia ndizi za kukamulia pombe, na kijana mwenye ndoto huishindania.

Adrien alianza na baiskeli ya chuma iliyotoka kwa mjomba wake, ambaye naye aliwahi kuwa mwanamashindano. Alikuwa na miaka kama kumi na sita. Kwa mchezo huu huo ni uzee: watoto wa Ubelgiji au Italia huanza kushindana wakiwa na miaka minane au tisa, na wakifika kumi na sita tayari wana kocha, daktari na baiskeli mbili. Alijiunga na Les Amis Sportifs, klabu ya Rwamagana, akaanza kushindana.

Mashindano yenyewe ya kuzunguka nchi, Tour du Rwanda, yalianza mwaka 1988. Vita na mauaji ya kimbari vikayakatiza, yakarudi mwaka 2001. Mfalme wa barabara wakati Adrien anachipukia alikuwa Abraham Ruhumuriza, aliyeshinda mara tano. Zilikuwa mbio za nyumbani hizo, pamoja na wageni wachache kutoka nchi za jirani. Wengine walikuja na baiskeli za kuazima, na ikikatika spoki ulitafuta fundi wa kando ya barabara kama mnyonzi mwingine yeyote.

Wamarekani wawili na baiskeli za mbao

Mwishoni mwa mwaka 2005 alifika hapa Mmarekani anayeitwa Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa California walioasisi baiskeli za milimani. Alizunguka nchi kwa baiskeli na akaona kitu ambacho sisi tulikuwa tumekizoea hata hatukioni tena: vijana wakishuka milima kwa baiskeli za mbao tupu, magurudumu ya mbao, shehena ya viazi juu. Wale wa Goma wanaijua ndugu yake mkubwa, chukudu, ambayo imejengewa hadi sanamu katikati ya mji. Ritchey aliduwaa. Mwaka 2006 yakaandaliwa mashindano yaliyopewa jina la baiskeli hizo za mbao, na pembeni yake zikawamo mbio za baiskeli za kawaida. Aidha alibuni baiskeli yenye mkia mrefu kwa ajili ya wakulima wa kahawa, ili mbuni zilizochumwa asubuhi zifike kwenye kituo cha kuoshea kabla hazijaanza kuchacha. Mwenye biashara ya kahawa anajua tofauti ya bei hapo.

Kwenye mashindano hayo alikuja na mwenzake, Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981. Boyer alirudi mwaka 2007 akiwa na mashine ya kupima nguvu za miguu kwa wati, akawapandisha vijana mmoja mmoja.

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye mashine hiyo. Kwenye barabara ya matope kutoka Rwamagana, kijana anaweza kushindwa kwa sababu cheni imekatika, kwa sababu hakula, kwa sababu tairi ni la miaka mitatu. Mashine haijali hayo. Inasema tu mwili huu una uwezo gani. Boyer aliona kwamba baadhi ya vijana hawa, waliokulia kwenye milima ya zaidi ya mita elfu moja na mia nne, walikuwa na injini ambayo timu za Ulaya zingeitafuta kwa fedha nyingi. Adrien alikuwa mmojawapo, na pamoja naye Ruhumuriza, Nathan Byukusenge, Rafiki Uwimana na wengine. Hiyo ndiyo iliyozaliwa ikaitwa Team Rwanda. Mwaka huo huo wa 2007 walipelekwa Afrika Kusini kwenye Cape Epic, mbio za siku nyingi za baiskeli za milimani, na wengi wao ndiyo kwanza walikuwa wanazipanda baiskeli za namna ile.

Lakini injini si gari. Kuendesha ndani ya kundi la watu mia na hamsini, bega kwa bega, kwa kasi ya kilomita hamsini kwa saa, ni elimu nyingine. Kushuka mlima kwa kasi bila kushika breki ni elimu nyingine. Kula ukiwa juu ya baiskeli kabla njaa haijafika, nayo ni elimu. Vijana wetu walikuwa wanapanda kama swala na kushuka kama watu waliobeba mayai, na huwezi kuwalaumu: matabaro ikiwa na gunia nyuma hushushwi hivyo ukabaki na meno.

Mwaka 2008 Adrien alishinda Tour du Rwanda. Yalikuwa mashindano ya mwisho kabla hayajaingizwa kwenye kalenda ya shirikisho la kimataifa mwaka 2009, na tangu hapo Mnyarwanda hakushinda tena hadi mwaka 2014. Wakati huo nilikuwa nafundisha mashariki. Nakumbuka vijana wa darasa langu walivyogawanyika: nusu walikuwa kwa Ruhumuriza mkongwe, nusu kwa “huyu wa kwetu.”

Mtumishi wa kundi

Mwaka 2009 timu ya kulipwa ya MTN ya Afrika Kusini ilimpa mkataba. Agosti mwaka huo alipelekwa Tour of Ireland, Mnyarwanda wa kwanza kushindana na wa kulipwa kwenye ardhi ya Ulaya. Ndani ya kundi hilo hilo alikuwemo Lance Armstrong, ambaye wakati ule dunia nzima ilikuwa bado inamwita bingwa. Vikombe vyake saba vya Tour de France vilikuja kufutwa mwaka 2012 kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu. Mvua, upepo na barabara nyembamba za Ireland zilimpa Adrien somo kali. Hata hivyo alikuwa amefika.

Watu wasioujua mchezo huu hudhani kila anayepanda baiskeli anataka kushinda. Sivyo. Timu ina kiongozi mmoja au wawili. Waliobaki ni watumishi wake. Mtumishi hurudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, akazijaza ndani ya jezi mgongoni, akapanda tena hadi mbele kuzigawa. Hukata upepo ili kiongozi apumue nyuma yake. Kiongozi akipasukiwa na tairi, mtumishi humpa lake akabaki kando ya barabara amesimama. Mwisho wa siku jina lake linasomeka wa themanini, na kocha anampongeza. Sehemu kubwa ya kazi ya Adrien katika miaka ile ilikuwa hiyo. Nilipowaeleza wanafunzi wangu, mmoja aliniuliza kwa nini mtu akubali. Nikamjibu kwamba analipwa mshahara kila mwezi, na darasa zima likaelewa.

London

Njia ya kwenda Olimpiki ilipatikana mahali pasipotarajiwa sana, kwenye baiskeli za milimani. Mashindano ya Afrika ya mwaka 2011, huko Afrika Kusini, yalimpatia nafasi ya kwenda London. Na Julai 27, 2012, katika sherehe za ufunguzi, aliyetangulia mbele ya Wanyarwanda akiwa ameshika bendera ya bluu, njano na kijani alikuwa kijana wa Rwamagana. Nilitazama kwa jirani yangu mwenye televisheni. Tulikuwa kama watu ishirini sebuleni. Kati yetu walikuwamo waliorudi kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, na kila mmoja alishangilia kwa lugha aliyosomea.

Mbio zake zilipangwa siku ya mwisho ya michezo, Agosti 12, kwenye shamba la Hadleigh, Essex, nje ya London. Huo si mchezo wa barabarani. Njia ni ya vumbi na mawe, inapanda kwa ghafla na kushuka kwenye mawe makubwa yaliyopangwa kwa makusudi ili yakuangushe. Na ipo kanuni moja ambayo ni kali kuliko mawe yenyewe: mzunguko ni mfupi, kwa hiyo mtu anayeachwa nyuma sana huondolewa na waamuzi kabla viongozi hawajamkuta. Kwa mshindani kutoka nchi kama yetu, kuondolewa ndiyo hali ya kawaida. Unasafiri miaka minne kufika huko, unaambiwa toka baada ya nusu saa.

Kwa hiyo shabaha ya Adrien haikuwa medali, na ni vizuri tukaisema hivyo bila aibu. Shabaha ilikuwa kumaliza. Kule mbele Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki na Nino Schurter wa Uswisi walipigania dhahabu hadi mita za mwisho, Kulhavý akaichukua. Huku nyuma Mnyarwanda alikuwa anapigana na saa. Mzunguko baada ya mzunguko hawakumtoa. Alimaliza wa 39.

Siku ile redio zetu zilisoma namba hiyo haraka haraka kisha zikarudi kwenye mpira. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, alisema 39 si habari. Tulibishana hadi chai ikapoa. Yeye alisema nchi isijizoeshe kusherehekea kushindwa. Mimi nilisema aonyeshe nani kabla ya hapo kutoka nchi hii aliyewahi hata kuanza mbio hizo. Hatujamaliza ubishi huo mpaka leo, na kusema kweli nadhani kila mmoja wetu ana nusu yake ya haki.

Baada ya hapo

Timu yake ilibadilika jina na kukua. Mwaka 2013, ikiwa MTN-Qhubeka, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufikia daraja la pili la dunia. Qhubeka ni neno la lugha za kusini lenye maana ya kusonga mbele, na ni jina la mradi unaowapa watoto baiskeli kwa malipo ya kazi ya kijamii. Mwaka 2015 timu ilialikwa Tour de France. Wengi hapa Kigali tuliomba Adrien apangwe. Hakupangwa. Mweritrea Daniel Teklehaimanot ndiye aliyekwenda, akavaa jezi ya madoadoa mekundu ya mpanda milima bora, Mwafrika wa kwanza kuivaa. Tulifurahi, lakini furaha yenye kijiba.

Mwaka 2016 timu ikiwa Dimension Data ilipanda hadi daraja la juu kabisa, na Adrien akiwamo. Agosti mwaka huo alibeba tena bendera kwenye Olimpiki, safari hii Rio de Janeiro, akashindana mbio za barabarani. Hakumaliza; njia ile iliwashinda wengi wenye majina. Umri nao ulikuwa umeanza kudai deni lake.

Wakati huo nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika. Valens Ndayisenga, naye kijana wa Rwamagana, alishinda Tour du Rwanda mwaka 2014 akiwa na miaka 20, na akarudia mwaka 2016. Jean Bosco Nsengimana alishinda 2015, Joseph Areruya 2017, Samuel Mugisha 2018. Miaka mitano mfululizo bendera ilibaki nyumbani. Mwaka 2019 mashindano yalipandishwa daraja, timu kubwa zikaja, na tangu hapo hakuna Mnyarwanda aliyeshinda. Hilo ndilo jambo linalonisumbua. Tumejenga barabara nzuri, tumealika dunia, na dunia imekuja ikashinda.

Adrien mwenyewe alianzisha shule ya baiskeli Rwamagana, yenye jina lake, ambako watoto hufundishwa kupanda na kutunza baiskeli. Baadaye alikwenda Benin kuifundisha timu ya taifa ya huko, nchi isiyo na milima yetu wala sifa yetu kwenye mchezo huu, ambayo ilimhitaji.

Mwaka jana mzazi mmoja alinijia ofisini. Mwanawe, mwenye akili ya kawaida darasani na miguu isiyo ya kawaida, alitaka kuacha shule aende kambi ya mazoezi. “Mwalimu, wewe ungekuwa baba yake ungesema nini?” Nilimwambia ukweli: kwamba kwa kila anayefika Ulaya kuna vijana wengi ambao baiskeli waliyoshindania imerudi kubeba ndizi. Nilimwambia pia kwamba Adrien alianza na kidogo kuliko mtoto huyu. Alitoka bila jibu. Kijana bado yuko darasani, na kila Ijumaa huchelewa akiwa na tope kwenye soksi. Simwadhibu.

Yote hayo, au sehemu yake kubwa, nilimsimulia yule mama wa Rubavu pale Kimihurura, tukisubiri mzunguko mwingine. Kati ya wanaume wote walioanza siku ile, 30 tu walifika mwisho. Tuliwaona walioondolewa wakishuka taratibu kando ya barabara, vichwa chini, chumvi imekauka kwenye mashavu.

“Huyo wako wa 39,” akaniuliza, “alikuwa na wangapi nyuma yake?”

Nikamwambia wachache, pamoja na wale waliotolewa.

“Kwa hiyo hakurudi na mzigo wote.” Akafikiri kidogo, kama anayepiga hesabu ya nauli. “Na sasa anauza nini?”

“Alikwenda kufundisha, mama. Benin.”

“Kama wewe,” akasema, akajifunga kitenge vizuri, na tukaanza kutafuta mahali pa kuvukia, maana askari walikuwa bado hawajaondoa vizuizi.